Hoja Isiyofungwa: Kwa Anayetaka Kusoma Falsafa Baada ya Miaka Mingi Kazini

Kwa miaka 22 kazi yangu ilikuwa kufunga hoja. Katika ukaguzi wa hesabu, hoja huandikwa, hujibiwa, huhakikiwa, kisha hufungwa. Unakuta hati ya malipo haina viambatisho, unaandika hoja. Mweka hazina anahangaika wiki mbili, analeta stakabadhi na orodha ya mahudhurio, unalinganisha saini, unaifunga. Hoja iliyokaa wazi miaka mitatu ni fedheha kwa ofisi nzima. Nilipoingia darasa la falsafa nikiwa na umri wa miaka 49, nikakuta neno ni lile lile na kazi yake ni nyingine kabisa. Huko hoja ni dai pamoja na sababu zinazolibeba, na zile zilizo bora kuliko zote zimekuwa zikifunguliwa upya tangu enzi za Socrates, wala hakuna anayeona haya. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuzoea. Ninakuandikia wewe muuguzi, mhandisi, wakili, mwalimu mkuu au ofisa wa benki ambaye wazo hili limekuwa likikurudia usiku, ili mwaka huo usikupotee.

Swali kwanza, fomu baadaye

Usianze na kutafuta chuo. Chukua karatasi moja, uandike swali ambalo kazi yako imelizaa na imeshindwa kulijibu.

Langu lilitoka kisimani. Halmashauri moja ililipia kisima kirefu ambacho hakikutoa maji hata ndoo moja. Hati ya malipo ilikuwa na saini 9, kuanzia ya aliyeandaa dokezo hadi ya aliyeidhinisha fedha itoke. Niliwahoji wote. Kila mmoja alikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba alichotakiwa kufanya alikifanya, na naamini wengi wao walisema kweli. Mwishowe, mahakamani, mzigo alitwishwa mhasibu kijana wa daraja la chini. Nikaifunga hoja. Kwenye faili ilifungwa, kwangu haikufungwa. Ikiwa watu 9 wamefanya kila mmoja sehemu yake kama ilivyoandikwa, na matokeo yake ni kijiji kubaki bila maji, lawama ni ya nani? Yaweza kuwa ya wote bila kuwa ya yeyote?

Ukishaandika swali lako, lipime. Jiulize: takwimu zingetosha kulijibu? Sheria ingetosha? Kama ndiyo, hitaji lako si falsafa, na utajiokolea pesa na miaka ukilikubali hilo mapema. Muuguzi anayeuliza kwa nini akina mama hawarudi kliniki baada ya kujifungua ana swali zuri la afya ya jamii, aende huko. Lakini muuguzi huyo huyo akiuliza kama ana haki ya kumficha mgonjwa ukweli wa ugonjwa wake kwa sababu ndugu zake wameomba afichwe, basi hata akileta takwimu za hospitali zote nchini swali lake litakuwa limekaa pale pale. Hilo ndilo la falsafa.

Na kama unachotafuta ni kupanda daraja, nakuomba usije. Nafasi za kufundisha falsafa katika vyuo vyetu ni chache, na wanaozisubiri ni vijana waliosoma fani hii tangu shahada ya kwanza. Wewe unakuja kwa sababu nyingine, na ni bora uitaje wazi mbele ya mwenzi wako na watoto kabla hujalipa ada ya muhula wa kwanza.

Waliotangulia wengi walikuja hivyo hivyo, na swali mkononi. Wittgenstein alikwenda Manchester mwaka 1908 kusomea uhandisi wa vyombo vya anga. Hesabu za kazi hiyo zikamfanya aulize hesabu yenyewe imesimama juu ya nini, na mwaka 1911 akawa mlangoni kwa mwanafalsafa Russell kule Cambridge. Ibn Rushd alikuwa kadhi wa Seville na Cordoba, tena tabibu. Mary Midgley alilea watoto na kuandika mapitio ya vitabu kwa miaka, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1978 alipokuwa anakaribia miaka 60. Kwetu, Euphrase Kezilahabi alikuwa tayari mwandishi wa riwaya zinazosomwa mashuleni alipokwenda Wisconsin, Marekani, na kuandika tasnifu ya uzamivu juu ya falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi, aliyoimaliza mwaka 1985. Ukisoma Nagona na Mzingile, zilizotoka baada ya hapo, utaona mtu ambaye masomo yale yalimgeuza hata namna ya kusimulia.

Ninayemrudia mimi ni Karl Jaspers. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili pale Heidelberg, akaandika kitabu kikubwa cha fani hiyo mwaka 1913, kisha akahamia falsafa. Wanazi walimwondoa kwenye kiti chake mwaka 1937 kwa kuwa mkewe alikuwa Myahudi. Vita vilipokwisha aliwahutubia wanafunzi katika Ujerumani iliyokuwa magofu, na mwaka 1946 hotuba hizo zikawa kitabu kuhusu hatia. Humo anatenga hatia za namna nne: ya jinai, ambayo huamuliwa na mahakama, ya kisiasa, ambayo raia wote huibeba kwa matendo ya dola yao, ya kimaadili, ambayo mtu huijua katika dhamiri yake, na ya nne, anayoiita ya kimetafizikia, ya mtu aliyebaki hai pale wengine walipouawa. Nilipokisoma mara ya kwanza niliiona hati yangu ya malipo. Mahakama ilikuwa imeshughulikia aina moja tu kati ya nne, nami nilikuwa nimefunga faili nikidhani zote zimekwisha.

Milango

Programu nyingi za uzamili katika falsafa zinadai shahada ya kwanza ya falsafa au fani ya jirani. Usiishie kusoma sifa za kujiunga kwenye tangazo, nenda ukazungumze na mratibu wa masomo ya uzamili wa idara. Wapo wanaompokea mtu wa fani nyingine kwa sharti la kusoma kozi kadhaa za shahada ya kwanza sambamba na zile za uzamili, na sharti hilo mara nyingi halimo kwenye tangazo. Likubali kwa furaha. Kozi ya mantiki utakayokaa nayo pamoja na vijana wa miaka 20 ndiyo itakayokuokoa baadaye.

Kwa Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Falsafa na Taaluma za Dini. Nairobi wana idara ambayo Henry Odera Oruka aliijengea jina, na kuna Makerere. Kisha kuna vyuo vya Kikatoliki, ambavyo mizizi yake katika falsafa ni mirefu: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki pale Lang'ata, na Jordan kule Morogoro, kilichoanza kama taasisi ya falsafa na teolojia ya Wasalvatoriani. Hili lina sababu. Padri husoma falsafa kabla ya teolojia, kwa hiyo seminari kuu kama Kibosho na Ntungamo zimekuwa zikifundisha falsafa kizazi baada ya kizazi. Utakapoingia darasani usishangae wenzako kadhaa, pengine na mwalimu mwenyewe, wakimjua Thomas Aquinas kama wewe unavyojua kanuni za manunuzi ya umma. Kama wewe ni Mwislamu usijione mgeni hapo. Aquinas alijifunza mengi kwa kubishana na Ibn Sina na Ibn Rushd, na semina ambayo watu wa dini zote mbili wanaisoma hoja moja kwa makini ni kitu kizuri kuliko nilivyotarajia.

Wahudumu wa afya wana mlango wao: shahada ya uzamili ya bioetiki, inayotolewa Muhimbili, MUHAS. Si falsafa yote, lakini kama swali lako limezaliwa wodini, huko utakuta watu wanaolijua kwa jina.

Nje ya nchi, Leuven nchini Ubelgiji wana taasisi ya falsafa iliyoanzishwa mwaka 1889, wanafundisha kwa Kiingereza pia, na wana njia fupi ya kumwandaa mwenye shahada ya fani nyingine kabla hajaingia uzamili. Kwa msomaji anayeishi London, Birkbeck ilianzishwa mwaka 1823 kwa ajili ya mafundi na wafanyakazi, na inajulikana kwa masomo ya jioni. UNISA ya Afrika Kusini hufundisha kwa masafa. Ukisoma nje ukiwa Mtanzania, pata uhakika wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwamba shahada hiyo itatambuliwa, na uupate kabla ya kutuma hata shilingi. Nasema hivi kama mkaguzi.

Kuhusu ufadhili nitasema machache. Umri wako si kikwazo kila mahali. Chevening ya Uingereza haina ukomo wa umri, na inadai angalau saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo wewe umezipita zamani. Lakini itakutaka urudi nyumbani ukae miaka miwili. DAAD ya Ujerumani kwa kawaida inataka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita, na hapo wengi wetu tunakwama.

Kinachowaangusha watu wa umri wetu kwenye maombi ni insha ya mfano. Vyuo vingi hutaka maandishi ya kurasa 10 hadi 20 yanayoonyesha kwamba unaweza kujenga hoja, na sisi maandishi tuliyo nayo ni ripoti, madokezo na mihtasari ya vikao. Nilijaribu kupeleka ripoti ya ukaguzi niliyojivunia sana. Ilirudishwa kwa upole. Tatizo la pili ni wadhamini. Barua ya mkurugenzi wako itasema u mwadilifu na unafika kwa wakati, jambo ambalo kamati ya udahili haikuuliza. Wanataka mtu aliyekuona ukifikiri. Dawa ya yote mawili ni moja: muhula mmoja kabla ya kuomba, mfuate mhadhiri anayefundisha kitu kinachogusa swali lako, umwombe ukae kwenye semina yake kama msikilizaji. Fanya kazi zote kama wengine, andika insha ya mwisho, mwombe aisahihishe bila huruma. Uiandike upya. Hapo una insha na una mdhamini.

Fedha ya uzeeni

Watumishi wa umma Tanzania wanaweza kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, na nimewaona wanaopanga kutumia fedha ya mkupuo kulipia masomo. Nakusihi usifanye hivyo. Mkupuo ni wa nyumba, ni wa hospitali, ni wa miaka ambayo hutaweza kufanya kazi. Falsafa inasomeka kwa mshahara, na faida yake moja kubwa ni kwamba haina maabara: unahitaji vitabu, kiti na muda. Mimi niliomba ruhusa ya masomo ya mwaka mmoja bila malipo kwa ajili ya kozi, nikawa nimeweka akiba ya ada ya mihula miwili na ya chakula kwa miaka mitatu iliyotangulia, kisha tasnifu niliiandika nikiwa nimerudi kazini. Ilichelewa. Ilichukua miaka miwili na nusu badala ya mmoja. Lakini kiwanja sikuuza, na mtoto wangu wa mwisho hakukosa ada.

Muda ndio mgumu zaidi. Ukiwa na familia, jioni si zako. Nilichoweza kukilinda ni saa 10 alfajiri hadi saa 12, kabla nyumba haijaamka, na nilikilinda kwa ukali. Jamaa watakuona umejitenga. Misiba na harusi utaendelea kwenda, kama inavyopasa, ila vikao vya maandalizi waachie wengine kwa miaka hiyo, na uwaambie sababu.

Kusoma kama mtu asiyejua

Nilikuwa nimezoea kusoma ripoti ya kurasa 100 kwa asubuhi moja. Katika falsafa, kurasa 10 kwa saa ni mwendo mzuri, na kuna kurasa za Kant ambazo saa nzima haikutosha moja. Usidhani akili imezeeka. Maandishi haya yanadai usomaji wa namna nyingine: usome mara ya kwanza kujua mwandishi anakwenda wapi, mara ya pili kutafuta dai lake kuu na kulipigia mstari, mara ya tatu kuorodhesha sababu zake moja moja, kisha uulize ni ipi ikitolewa nyumba inaanguka. Andika kwa mkono. Kama huna pesa ya vitabu, Stanford wana ensaiklopidia ya falsafa kwenye intaneti tangu mwaka 1995, ya bure, iliyoandikwa na wataalamu na kusahihishwa mara kwa mara. Anzia hapo kila mara kabla ya kufungua kitabu kigumu.

Soma mantiki mapema, hata kama kozi yako hailazimishi. Wiki ya tatu ya somo hilo nilikutana na kosa ambalo nilikuwa nimelifanya kazini kwa miaka. Linakwenda hivi: fedha ikiibiwa, stakabadhi hukosekana, stakabadhi zimekosekana, basi fedha imeibiwa. Inasikika kama hoja halali, lakini si halali. Stakabadhi hukosekana pia kwa mvua, kwa mchwa, kwa kuhama ofisi, kwa karani mzembe. Jambo la pili likifuata la kwanza, haina maana kwamba ukilikuta la pili, la kwanza limetokea. Nilifunga daftari nikatoka nje ya ukumbi, nikawafikiria watu niliowaandikia hoja kwa fikra hiyo. Hakuna somo katika shahada yangu ya biashara lililonigusa namna ile.

Sasa niseme jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, na ambalo hakuna aliyeniambia mapema. Uzoefu wako ni mali, lakini darasani utataka kuutumia vibaya. Katika semina ya pili tulikuwa tunajadili uwajibikaji wa pamoja, nami nikaeleza kisa cha kisima, chote, na saini zake 9. Darasa lilinyamaza, vijana wale walikuwa hawajawahi kusikia jambo kama hilo kwa mtu aliyeliona. Nilikaa nikiwa nimeridhika. Mhadhiri wetu, kijana wa kama miaka 35, akaniambia kwa sauti ya heshima: "Mama, tunakushukuru. Lakini huo ni ushuhuda, sio hoja. Sasa tupe hoja."

Niliumia. Nyumbani nilimlalamikia mume wangu kwamba kijana hana adabu. Siku chache baadaye, nilipojaribu kuiandika hiyo hoja, nikagundua sina. Nilikuwa na kisa, nilikuwa na hasira ya haki, nilikuwa na hitimisho. Kilichokosekana ni njia ya kutoka kwenye kisa hadi kwenye hitimisho ambayo mtu asiyenijua, asiyeniheshimu kwa umri wangu, angelazimika kuipita. Niliporudi semina nikamwita "Daktari" kwa moyo, na mpaka leo ndiye ninayempelekea rasimu zangu.

Odera Oruka anasaidia katika jambo hili kuliko mtu yeyote. Katika miaka ya 1970 alianza kuzungumza na wazee wa vijijini Kenya ili kuonyesha kwamba Afrika ina wanaofikiri kwa kina hata kama hawakuandika, na matokeo yake aliyakusanya katika kitabu cha mwaka 1990. Lakini hakusema kila mzee mwenye hekima ni mwanafalsafa. Alitenga wazee wa namna mbili: yule anayeijua hekima ya watu wake na kuieleza vizuri, na yule anayeijua kisha akasimama mbali nayo kidogo, akaipima, akakubali sehemu na kukataa sehemu kwa sababu anazoweza kuzitaja. Wote wawili wanaheshimika kijijini. Wa pili tu ndiye mwanafalsafa. Wewe mwenye miaka 45 au 55 unaingia chuoni ukiwa tayari wa namna ya kwanza, katika fani yako. Vijana watakuita mama, watakuita mzee, watakupisha kiti, watakuachia neno la mwisho kwenye kikundi. Likatae hilo neno la mwisho. Waombe wakupinge, na wakikupinga washukuru kwa jina. Itachukua wiki kadhaa kabla hawajaamini kwamba unamaanisha.

Kiswahili kama jiwe la kupimia

Masomo yatakuwa kwa Kiingereza karibu kila utakapokwenda. Usiruhusu hilo liache Kiswahili mlangoni. Mghana Kwasi Wiredu alishauri kwamba mwanafalsafa wa Kiafrika achukue kila tatizo alilofundishwa, alifikirie kwa lugha yake, aone kama linabaki tatizo. Alexis Kagame wa Rwanda alikuwa amefanya jambo la jirani mapema zaidi, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Wanyarwanda.

Jaribu wewe mwenyewe. Descartes anafikia mahali ambapo ameshuku kila kitu, mwili wake na dunia nzima, na kinachobaki ni kwamba yeye anayeshuku yupo. Liseme kwa Kiswahili: ninafikiri, basi nipo. Hiyo "po" ni ya mahali. Tunasema nipo, niko, nimo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: wapi? Ukiiondoa "po" unabaki na "ni", na hapo msikilizaji anauliza: ni nini? Nafsi isiyo na mahali wala sifa, ambayo ndiyo aliyoitafuta Descartes, haina kitenzi cha kuiweka kwetu. Niliposema hivyo semina, nilidhani nimemshinda Descartes. Mwenzangu mmoja akauliza: je, lugha yetu imeuona ukweli, au ina mazoea yake tu kama Kifaransa kilivyo na yake? Ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa. Kiswahili hakikupi jibu, kinakuonyesha mahali ambapo swali lilipita bila kukaguliwa.

Katika tasnifu yangu Kiswahili kilifanya zaidi. Humo nilihitaji kutenga kosa, hatia na lawama. Aliyeandaa dokezo la kisima pengine hakufanya kosa lolote, kwa maana alifuata utaratibu. Mahakama haikumwona na hatia. Na bado wanakijiji wakimlaumu, sidhani wanalaumu bure. Kisha kuna dhamana: tunasema cheo ni dhamana, yaani kitu cha wengine ulichoshikishwa, na ukikipoteza unadaiwa hata kama hukukusudia. Mmarekani Dennis Thompson aliandika mwaka 1980 juu ya tatizo la mikono mingi, ambalo ndilo hili langu la saini 9, na jibu lake linarudi kwa mtu mmoja mmoja. Mimi nilijenga kutoka kwenye dhamana. Sikudai kwamba Waswahili wamelitatua. Nilidai kwamba neno hilo linabeba wajibu ambao uhasibu wa saini hauuoni, na nikatoa sababu tatu.

Soma pia walioichunguza fikra ya pwani. Kai Kresse aliishi Mombasa na kuandika kitabu, kilichotoka mwaka 2007, juu ya wenye fikra wa mji huo, miongoni mwao mshairi Ahmad Nassir na utenzi wake juu ya utu. Na John Mbiti, aliyechukua maneno yetu "sasa" na "zamani" mwaka 1969 akajenga juu yake nadharia nzima ya wakati wa Kiafrika ambao karibu hauna siku zijazo, anafaa kusomwa pamoja na wapinzani wake, hasa ukiwa mzungumzaji wa Kiswahili unayejua kwamba mtu husema "mwakani" bila shida.

Tasnifu

Kata swali mpaka liume. Nilianza na "Uwajibikaji katika Utumishi wa Umma Afrika." Msimamizi akanirudisha mara nne, na nilichoandika mwishoni kilihusu jambo moja: kama mtu aliyefuata utaratibu anaweza kulaumiwa kwa haki kwa madhara ambayo utaratibu huo umesababisha. Kurasa 90. Ukiona swali lako limekuwa dogo kiasi kwamba unalionea aibu mbele ya marafiki, umekaribia.

Msimamizi mtafute kwa maandishi yake, wala si kwa cheo. Kubalianeni tangu mwanzo mtakutana mara ngapi, na umpelekee kurasa, hata mbaya, kila mara mnapokutana. Sisi tuliokuwa maofisini tumezoea kupeleka kazi iliyokamilika, na tabia hiyo itakupotezea miezi. Kila sura iwe na pingamizi kali kuliko yote unayoweza kuifikiria dhidi yako, iandikwe kwa namna ambayo anayeishikilia angesema, ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini. Sura yangu ya tatu nilimpa kuisoma mtu aliyewahi kutia saini hati kama ile. Aliandika pembeni, kwa kalamu ya risasi: "Na wewe mkaguzi uliyefunga hoja, je?" Sikuwa nimejiweka kwenye hesabu. Niliongeza kurasa 12.

Siku ya kuitetea, ingia na nakala iliyochapwa, uwe umebandika vipande vya karatasi kwenye kurasa ambazo wewe mwenyewe unazijua ni dhaifu. Watahini watafika hapo hapo. Wa kwanza alifungua ukurasa wa 61, penye kipande changu cha njano, akavua miwani akaniuliza kama saini ya 10, ya mkaguzi, nayo ni dhamana. Nikamjibu kwamba ndiyo, na nikaanza kueleza kwa nini.